Mlango wa Tumbo Ukiziba: Si Kila Mara Kisu

Katika toleo hili twataka kuzungumza juu ya ugonjwa mmoja ambao wengi wetu tumeuona kwa macho ila hatukujua jina lake. Mtu anakula vizuri mchana, na usiku anatapika kile chakula cha mchana. Pengine anatapika hata maharagwe aliyokula jana. Akisha kutapika anapata nafuu, asubuhi ana njaa, anakula tena, anatapika tena. Wiki zinapita. Nguo zinaanza kumpwaya. Jirani mmoja anasema ni vidonda vya tumbo tu, ampe maziwa. Mwingine anasema ametupiwa kitu. Na kikundi kinaulizwa: je, tutoe mchango wa kwenda wapi?

Hilo swali la mwisho ndilo kubwa. Pesa za kikundi ni chache, zikitumika mahali pasipofaa hazirudi. Basi hebu tuelewe ugonjwa huu pole pole, kisha tuone matibabu yaliyopo siku hizi, ambayo mengine hayahitaji kupasua tumbo kabisa.

MLANGO HUU UKO WAPI?

Chakula tukikimeza hushuka kwenye mfuko wa tumbo. Pale husagwa na kuchanganywa na maji makali ya tumbo mpaka kinakuwa kama uji. Chini ya mfuko kuna mlango mwembamba wa nyama, unaofunguka na kufunga wenyewe. Mlango huu huachilia ule uji kidogo kidogo uingie katika utumbo mwembamba, na huko ndiko mwili unakochukua nguvu na maji.

Mlango ukiziba, mfuko unajaa kama dumu ambalo halina pa kumwaga. Chakula kinakaa, kinachacha, halafu kinarudi juu kwa njia kiliyoingilia. Mgonjwa anaweza kula sahani nzima na bado mwili wake unakufa njaa, kwa sababu chakula hakijafika mahali pa kazi.

NI NINI KINACHOZIBA?

Kwa watu wazima sababu kubwa ni mbili. Ya kwanza ni vidonda vya tumbo vya muda mrefu. Kidonda kilicho karibu na mlango huvimba, na kikipona huacha kovu. Kovu hukaza, kama vile ngozi iliyoungua inavyokazana. Mwaka hadi mwaka mlango unazidi kuwa mwembamba.

Sababu ya pili ni kansa: ya tumbo lenyewe, au ya kongosho na sehemu za jirani, inayokandamiza mlango. Kwa hiyo mtu mzima asiambiwe "ni vidonda tu" kabla ya kuchunguzwa.

Zamani ilifundishwa kwamba vidonda vyaletwa na mawazo na pilipili. Mwaka 1982, mjini Perth, Australia, madaktari Barry Marshall na Robin Warren waligundua kwamba vingi vyaletwa na kijidudu kiitwacho Helikobakta, kinachokaa ndani ya tumbo. Wengi hawakuamini. Mwaka 1984 Marshall alikunywa vijidudu hivyo mwenyewe, na baada ya siku chache tumbo lake likaugua. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Kijidudu hiki pia kinaongeza hatari ya kansa ya tumbo. Wengi wanacho na hawaugui, lakini mwenye vidonda anapaswa kupimwa na kutibiwa.

Kitu kingine kiletacho vidonda ni dawa za maumivu zinazonunuliwa dukani kila siku: asipirini, ibuprofeni, diklofenaki. Mama anayeumwa na magoti au mzee anayeumwa na mgongo anameza kila siku kwa miezi, tena bila kuandikiwa na daktari.

Sababu nyingine, na hii twaiomba kila nyumba iisikie, ni asidi ya betri. Watu wengi wana betri za sola au za gari. Asidi ikitiwa ndani ya chupa ya soda, mtoto au hata mtu mzima anaweza kuinywa akidhani ni kinywaji. Ikiteremka tumboni inaunguza, na wiki kadhaa baadaye kovu linafunga mlango. Aliyekunywa asilazimishwe kutapika, maana itamchoma mara ya pili ikipanda. Apelekwe hospitali mara moja, na chupa ichukuliwe ikaonyeshwe.

Watoto wachanga nao wana ugonjwa wao. Mtoto wa wiki mbili hadi nane anaponyonya na kutapika kwa nguvu, maziwa yakaruka mbali, kisha akataka kunyonya tena, huenda nyama ya mlango wake imekuwa nene. Huyo asingoje. Hupewa maji ya mshipa kwanza, kisha hufanyiwa operesheni fupi inayojulikana kwa zaidi ya miaka 100. Mambo ya puto tutakayoyaeleza hapa chini si kwa ajili yake.

DALILI ZA KUANGALIA

• Kutapika saa kadhaa baada ya kula, na kuona chakula cha zamani ambacho hakikusagika.
• Matapishi yasiyo na rangi ya nyongo, yaani si ya kijani wala ya manjano.
• Kushiba upesi, tumbo la juu kujaa, na kusikia maji yakicheza ndani mgonjwa akigeuka.
• Kukonda.
• Mkojo mchache, kuchoka sana, misuli kukaza au kufa ganzi.

Dalili hiyo ya mwisho ni ya hatari. Anayetapika kila siku hapotezi maji peke yake, anapoteza na chumvi za mwili zinazofanya moyo na misuli ifanye kazi. Na mgonjwa akitapika damu, au akienda choo cheusi kama lami, au tumbo likawa gumu kama ubao, hiyo ni safari ya leo leo, hata kama ni usiku.

JE, AMEROGWA?

Tuseme wazi, maana jambo hili limeleta msiba. Mtu akikonda huku anakula, ni rahisi familia kutafuta mkosaji. Katika kaunti yetu ya Kilifi wazee wengi wametuhumiwa uchawi, wengine wameuawa, na wengine wamelazimika kukimbilia hifadhi kama ile ya Kaya Godoma kule Ganze. Mlango wa tumbo ulioziba unaonekana kwa kamera, na unaweza kuonyeshwa hata kwa ndugu wa mgonjwa. Kabla mtu hajanyooshewa kidole, mgonjwa apelekwe kuangaliwa. Kikundi kikisimama imara hapo, kitakuwa kimeokoa watu wawili: mgonjwa na mzee wa jirani.

HOSPITALI HUFANYA NINI KWANZA?

Wengine hufika wakitaka operesheni siku hiyo hiyo, na wakiambiwa wangoje hukasirika. Lakini mgonjwa aliyekauka maji na chumvi hawezi kuvumilia matibabu mazito. Kwanza atawekewa maji ya mshipa yenye chumvi zinazohitajika. Pili, mpira mwembamba utapitishwa puani hadi tumboni ili kutoa chakula kilichochacha na kuosha mfuko. Tatu, atapewa dawa ya kupunguza ukali wa tumbo, kama omeprazo. Hatapewa chakula kwa mdomo. Jamaa wasimletee uji kwa siri chini ya shuka!

Kazi hii haihitaji mitambo mikubwa. Hospitali ya Kaunti ya Kilifi na ile ya Malindi zaweza kuianza. Na kuna habari njema: kama kilichoziba ni uvimbe wa kidonda kibichi, wengine hufunguka kwa hatua hizi tu, uvimbe ukishuka.

Baada ya hapo inakuja kamera. Hii ni bomba jembamba linalopinda, lina taa na kamera nchani, nalo hupitishwa mdomoni. Mwaka 1957 daktari Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alilijaribu bomba la kwanza la nyuzi za kioo kooni mwake mwenyewe. Mgonjwa hupewa dawa ya kutia ganzi kooni, na mara nyingi dawa ya usingizi mwepesi. Daktari anauona mlango, na anachukua kipande kidogo sana cha nyama kikapimwe kama ni kansa. Kipande hicho ndicho kinachoamua njia yote inayofuata. Msikubali kuondoka bila kuuliza majibu yatatoka lini na nani ayafuate.

NJIA YA PUTO

Tuseme majibu yametoka: si kansa, ni kovu. Hapo mgonjwa anaweza kutibiwa kwa puto. Puto linafungwa limekunjwa, jembamba kama kalamu ya risasi au chini yake. Linapitishwa kupitia mdomoni hadi kwenye mlango, kisha linajazwa maji, kovu linanyooshwa pole pole. Hakuna kisu, hakuna mshono.

Daktari anajuaje kwamba yuko mahali penyewe? Anaongozwa na picha. Wengine hutumia ile kamera ya tumbo. Wengine hutumia eksirei inayoonyesha picha inayotembea, kama sinema. Mgonjwa hupewa dawa maalumu inayoonekana kwenye eksirei, waya laini hupitishwa kwanza kwenye tundu, na puto hufuata juu ya waya kama mtumbwi unavyofuata kamba. Mara nyingi kamera na eksirei hutumika pamoja.

Mlango haupanuliwi wote kwa siku moja. Mara nyingi lengo ni kufika upana wa milimita 12 hadi 15. Kovu likilazimishwa laweza kupasuka, na chakula kikamwagikia ndani ya tumbo. Ndiyo sababu wagonjwa wengi hurudi mara mbili au zaidi. Kikundi kikichanga pesa za safari moja tu, mgonjwa atakwama katikati. Na kama puto limerudiwa na mlango unazidi kufunga, daktari atashauri operesheni.

Tena puto peke yake halitoshi. Kama Helikobakta wamo, lazima wauawe kwa dawa: viuavijasumu viwili pamoja na omeprazo, kwa siku 10 hadi 14. Akiacha siku ya tano kwa sababu anajisikia vizuri, kidonda kitarudi na mlango utafunga tena. Na zile dawa za maumivu za dukani ndiyo kwaheri.

NJIA YA KIBOMBA CHA WAVU

Kama ni kansa ambayo haiwezi kukatwa ikaisha, puto halifai, maana nyama ya kansa hujirudia. Hapo kuna kifaa kiitwacho stenti. Ni kibomba kilichofumwa kwa nyuzi za chuma, mfano wa ufumaji wa dema la mvuvi lakini chembamba sana. Huingizwa kikiwa kimebanwa. Kikiachiliwa mlangoni hutanuka chenyewe na kuisukuma kansa kando, njia ikabaki wazi. Nacho huwekwa kwa kuongozwa na kamera, eksirei, au vyote viwili. Wengi huanza kunywa siku hiyo hiyo au ya pili yake.

Tuseme ukweli hapa: stenti haiponyi kansa. Inampa mgonjwa nafasi ya kunywa uji, kukaa na watoto wake na kuacha kutapika. Hilo si jambo dogo, lakini familia ielezwe kabla haijauza shamba.

Mwenye stenti ana adabu yake ya kula. Aanze na maji, kisha uji mwepesi, kisha vyakula laini kama ndizi zilizopondwa, samaki asiye na miiba, wali uliolainika kwa tui. Asile nyama ngumu, miwa, nazi ya kutafuna, maembe yenye nyuzi wala mihogo yenye mizizi katikati. Atafune sana, ale kidogo mara nyingi, na asilale mara baada ya kula. Stenti inaweza kuziba tena au kusogea. Akianza kutapika upya, arudi.

Kuna pia njia ya mpira wa kulishia unaopitishwa chini ya mahali palipoziba, kwa kuongozwa na eksirei, ili mgonjwa apate nguvu akingoja matibabu mengine.

KISU BADO KINA KAZI

Msielewe kwamba operesheni imepitwa na wakati. Mwaka 1881, mjini Vienna, Theodor Billroth alikata sehemu ya tumbo yenye kansa, na mwaka huo huo msaidizi wake Anton Wölfler alifungua njia ya pembeni: aliunganisha mfuko wa tumbo na utumbo mwembamba, chakula kikapita bila kutumia mlango ulioziba. Operesheni hiyo ya Wölfler inafanywa hadi leo.

Kule Uholanzi, mwaka 2010, madaktari walitoa matokeo ya kulinganisha stenti na njia ya pembeni kwa wagonjwa 39 wenye kansa. Wa stenti walianza kula mapema. Lakini kwa walioishi zaidi ya miezi miwili, waliopasuliwa ndio waliokula vizuri kwa muda mrefu zaidi, na stenti zilirudisha watu hospitali mara nyingi. Kwa hiyo kwa mgonjwa dhaifu sana stenti yafaa, na kwa mwenye nguvu bado operesheni inaweza kuwa bora. Na kansa ikipatikana mapema, operesheni ndiyo tumaini la kuiondoa. Anayekawia nyumbani miezi sita anajifungia mlango huo mwenyewe.

YANAPATIKANA HAPA KWETU?

Afrika Mashariki haiko nyuma kabisa. Katika Hospitali ya Tenwek, Bomet, ambayo ni hospitali ya misheni, stenti zimekuwa zikiwekwa kwa miaka mingi kwa wagonjwa wa kansa ya koo la chakula, ugonjwa uliowaumiza watu wengi wa upande ule. Mwaka 2001 madaktari wake waliandika jinsi walivyoziweka kwa kamera bila hata mtambo wa eksirei ya sinema, na mwaka 2009 walieleza habari za mamia ya wagonjwa. Hiyo ni kooni, si mlangoni mwa tumbo, lakini kifaa ni cha jamii moja na ufundi unakaribiana. Yatuonyesha kwamba hospitali iliyo mbali na mji mkuu yaweza kuimudu kazi hii.

Kule Tanzania, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza mwaka 2018 kupokea walimu wa matibabu yanayoongozwa na picha, na mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Muhimbili kikaanza kufundisha madaktari wake wenyewe kazi hiyo.

Kwetu pwani, hospitali ya rufaa ni Coast General, Mombasa, kama kilomita 60 kutoka Kilifi na 120 kutoka Malindi. Hospitali kubwa zaidi ziko Nairobi. Lakini jina kubwa la hospitali si dhamana kwamba puto au stenti ipo wiki hiyo. Mwombeni daktari wa Kilifi au Malindi apige simu kwanza aulize mambo matatu: mtaalamu yupo? kifaa kipo au twanunua? jumla ya gharama ni ngapi? Simu moja ni rahisi kuliko nauli ya watu watatu.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

1. Kila mwanachama ajiandikishe SHA, ambayo ilichukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024. Mchango wa chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Msingoje mtu augue. Na hospitalini ulizeni mapema nini kitalipwa na nini kitabaki kwenu.

2. Gaweni mchango kwa mafungu: kamera na kipimo cha nyama kwanza, kisha matibabu, kisha nauli ya kurudi mara ya pili na ya tatu. Msimalize zote safari ya kwanza.

3. Chagueni mtu mmoja wa kutunza karatasi: kadi, picha, majibu. Majibu yakipotea, mgonjwa anaanza upya.

4. Mtu anayeandamana na mgonjwa aulize: Kilichoziba ni kovu au kansa? Puto linafaa? Tutarudi mara ngapi? Likishindikana, hatua gani inafuata?

5. Akirudi nyumbani, waangalie siku za kwanza. Maumivu makali, homa, tumbo gumu, damu au choo cheusi: arudi hospitali saa hiyo hiyo.

6. Kinga ianze sasa. Maji safi, kunawa mikono, choo. Asidi ya betri iandikwe jina na kufungiwa mbali. Mwenye maumivu ya tumbo yasiyoisha au mwenye kumeza dawa za maumivu kila siku amwone mhudumu wa zahanati.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA MKUTANO

• Je, katika kijiji chetu kuna mtu anayetapika baada ya kula na kukonda? Nani atamtembelea wiki hii?
• Ni nyumba ngapi kwetu zina betri, na asidi imewekwa kwenye chombo gani?
• Tukisikia mzee akinyooshewa kidole kwa ugonjwa wa mtu, sisi kama kikundi tutasema nini, na nani atasema?
• Ni wanachama wangapi bado hawajajiandikisha SHA, na wamezuiwa na nini?

Someni ukurasa huu pamoja, na mwenye kusoma amsomee asiyeweza. Huyo jirani anayetapika kila usiku msimngoje hata mkutano: mwende kumwona kesho.